Tangi la Mwalimu Najwa

Mwalimu Najwa Harun alitufundisha jiografia kuanzia kidato cha pili, katika shule yetu ya wasichana iliyo kando ya barabara ya kutoka Nakuru kwenda Njoro. Alikuwa mfupi, sauti yake nzito kuliko umbo lake, na hijabu yake aliifunga kwa pini moja ambayo ilimtoka kila alipoandika juu ubaoni. Alizaliwa Bondeni, mjini Nakuru, ambako babake alikuwa na hoteli ndogo ya chai, mahamri na pilau. Wazee wao walipanda huku zamani kutoka pwani wakifuata kazi za reli, lakini yeye mwenyewe bahari aliiona kwa mara ya kwanza akiwa chuo kikuu. Ukitaka kumchokoza ulimwita mtu wa pwani.

"Mimi ni mtu wa Bonde la Ufa," angesema. "Hata meno yangu yatakuambia."

Na kweli meno yake yalikuwa na madoa ya kahawia, kama ya wengi wetu tuliokulia sehemu hizi.

Tulichelewa kujua kwamba hakuwa ametaka ualimu. Alitaka kusomea jiolojia, na alama alikuwa nazo. Lakini mwaka aliomaliza shule, babake alipigwa na kiharusi, na wajomba ndio wakawa wa kuamua. Wajomba walisema msichana wa kuvaa buti na kulala porini akitafuta mawe hataolewa. Akachukua ualimu. Hakuuchukia, na darasani hakuwahi kuingia na uso uliokunjamana. Ila tukifika kwenye mada ya miamba, kengele ya kipindi ingelia naye hasikii.

Mwaka wa 2007, muhula wa pili, shule ilipanga siku ya kuwaonyesha wanafunzi kazi mbalimbali. Kila mwaka walikuja watu wa benki, daktari, wakili, na dada mmoja mhudumu wa ndege ambaye wasichana walimzingira kama nyuki. Mwalimu Najwa alikwenda kwa mwalimu mkuu, Bi. Owuor, akaomba meza moja. Mimi nilikuwa nimesimama pale ofisini nikisubiri chaki, ndiyo maana nilisikia.

"Meza ya kazi gani, Madam Najwa?"

"Kazi za ardhi na maji."

"Kilimo tuko nao tayari."

"Si kilimo, Madam. Ni wale watu wanaojua maji yako wapi kabla hujachimba."

Bi. Owuor alimtazama juu ya miwani. Kisha akasema nafasi zote za ukumbini zimejaa, labda kule nyuma ya bwalo, karibu na mfereji wa maji ya kunywa. Alidhani anamnyima. Kumbe mfereji ndio Mwalimu Najwa alikuwa akiuhitaji.

Jumamosi iliyofuata alituchukua wawili, mimi na rafiki yangu Wangui, tukaenda mjini kwa Bwana Shabir. Bwana Shabir alikata vioo vya madirisha na kutengeneza fremu za picha za harusi, na duka hilo babu yake alikuwa nalo kabla ya uhuru. Mwalimu alimchorea anachotaka: tangi refu, jembamba kama kitabu kilichosimamishwa, pande zote kioo. Bwana Shabir akalitengeneza, tukalibeba, Jumatatu tukalijaza mchanga na kokoto na maji darasani. Kabla ya kipindi kwisha upande mmoja ulipasuka kwa kishindo, tope likamwagika hadi kwenye korido. Tulipiga deki hadi saa ya chakula. Wasichana wa darasa jirani walitucheka wakasema Form Three East wameleta mafuriko ya ziwani hadi darasani.

Tuliporudi kwa Bwana Shabir na vipande, alishika kichwa.

"Mwalimu, wewe uliniambia hii ni ya samaki!"

"Sikusema samaki. Nilisema ya maji."

"Maji, na mchanga, na mawe? Hiyo si tangi, Mwalimu. Hiyo ni nyumba!" Alicheka mpaka akaketi. Halafu akachukua ule mchoro akautazama upya. "Sasa unataka kuonyesha watoto nini hasa?"

Mwalimu akamweleza. Alimwambia kwamba watu hudhani chini ya ardhi kuna mito inayotiririka gizani, au ziwa lililofunikwa. Lakini maji ya chini hukaa katikati ya chembe za mchanga na nyufa za mawe, na hutembea polepole, na huwezi kumweleza mtoto jambo hilo kwa chaki. Lazima alione kwa macho.

Bwana Shabir alitoka nyuma ya meza, akachagua kioo kinene cha kabati za dukani, akakifunga kwa vyuma pembe zote. Siku ya kulileta alilileta mwenyewe kwa pikapu yake, akakataa kuondoka. "Kwanza nione," alisema. "Ikipasuka hii, mimi nafunga duka."

Halikupasuka.

Sisi ndio tulilijaza. Chini tuliweka kokoto, juu yake mchanga wa mto, kisha tabaka la udongo wa mfinyanzi, kisha mchanga tena uliochanganywa na yale mawe mepesi yenye vitundu yanayookotwa upande wa mlima Longonot. Upande mmoja tuliuinua kwa kipande cha ubao ili ardhi yetu iwe na mteremko, na mwisho wa mteremko tukaacha shimo liwe ziwa. Visima vilikuwa mirija ya kalamu za biki, chini imefungwa kipande cha soksi ya nailoni ili mchanga usiingie. Pampu ilikuwa bomba la sindano lisilo na sindano, kutoka zahanati ya shule. Mvua ilikuwa kopo la mafuta ya Kimbo lenye matundu. Na uchafu ulikuwa rangi nyekundu ya biriani, kutoka hoteli ya kina Mwalimu.

Siku yenyewe ilipofika, kule nyuma ya bwalo hakukuja mtu. Tulisikia makofi ya ukumbini. Wangui alianza kunung'unika.

"Madam, hawa wote wako kwa yule wa ndege."

"Nyesha," Mwalimu alimwambia.

"Nani aone?"

"Wewe uone. Nyesha."

Wangui akainua kopo. Maji yakanyesha juu ya mchanga, yakazama, na mbele ya macho yetu mchanga ukaanza kuwa mweusi kutoka chini kwenda juu, ukingo wa maji ukapanda polepole hadi ukasimama, na mle ndani ya mirija maji yakapanda hadi kimo kile kile. Wasichana wawili waliokuja kunywa maji mferejini wakasimama. Mwalimu akadondosha rangi kwenye kishimo kidogo tulichokiita choo, akanipa bomba la sindano, akasema nipampu kisima kilicho chini yake. Nilivuta, nikamwaga, nikavuta. Ule wekundu ukaanza kutambaa ndani ya mchanga kama moshi, ukielekea kwenye mrija wangu, hadi maji niliyovuta yakawa ya waridi.

"Wee! Cheki!" mmoja akapiga kelele. "Imeingia kwa kisima!"

Baada ya hapo sikumbuki vizuri watu walitoka wapi. Nakumbuka tu kwamba nilibanwa hadi kwenye meza, na kwamba yule dada wa ndege mwenyewe alikuja akasimama kwa vidole vya miguu kuchungulia.

Mimi nilikuwa msichana wa kufunika mdomo nikicheka, kwa sababu ya meno. Lakini siku hiyo niliuliza mbele ya wote, "Madam, hii kahawia yetu pia inatoka kwa maji?"

Akaniambia ndiyo. Akatueleza kwamba mawe yetu yalitoka kwenye volkano, kwamba yana floraidi, na maji yakikaa humo muda mrefu yanaibeba, na mtoto akiyanywa meno yakiota hutoka na madoa. "Si uchafu, Jepkosgei. Si uvivu wa kupiga mswaki. Ni jiolojia." Kisha akageukia umati. "Kuna mtu kazi yake ni kupima hiyo floraidi maabarani. Kuna mwingine anachora ramani ya miamba aseme hapa chimbeni, pale msichimbe. Mwingine anahesabu mvua. Mwingine yuko Olkaria anatafuta mvuke wa kutengeneza umeme. Kila kitu mnachokiona kwenye tangi hili, kuna mtu analipwa kukijua. Na huyo mtu anaweza kuwa wewe."

Jioni hiyo Bi. Owuor alikuja nyuma ya bwalo, akaomba naye anyeshe mvua.

Kisha ukaja Desemba, kura, na yaliyofuata. Sitayaeleza yote. Januari mji wa Nakuru uliungua, watu wakauana, na shule ilifunguliwa kwa kuchelewa, madawati mengi yakiwa wazi. Sisi wa makabila tofauti tuliokuwa tukila sahani moja tuliketi tukitazamana kwa pembe ya jicho. La Wangui lilikuwa miongoni mwa madawati yaliyo wazi. Kwao kulikuwa juu, upande wa Molo. Nilijua nyumba za huko zilichomwa, na nilijua pia kwamba waliozichoma walizungumza lugha ya kwetu. Niliogopa kumuuliza mtu habari zake.

Mwalimu Najwa alimtafuta. Alizunguka kambi za waliofukuzwa makwao, kila Jumapili, hadi akampata kwenye kiwanja cha kanisa nje ya mji, bondeni karibu na kijito. Machi, Wangui akarudi shuleni akiwa na sare ya mtu mwingine, imemzidi mikono. Alikuja moja kwa moja kwenye dawati langu, akakaa. Hatukusema lolote la maana. Alisema, "Niaje," nami nikasema, "Poa," na tukaendelea kuandika.

Alikuwa akirudi kambini kila jioni. Siku moja baada ya kipindi alimwambia Mwalimu kwamba watoto kambini wanaharisha, na wawili wamelazwa.

"Mnakunywa maji gani?"

"Ya kisima cha kanisa. Ni safi, Madam, yanang'aa."

"Na vyoo?"

Vyoo vilichimbwa kwa haraka, watu walipokuwa wakimiminika, na vilichimbwa upande wa juu wa kisima. Wangui alilitazama tangi letu lililokuwa kwenye kona ya darasa. "Na mvua zinaanza," alisema.

Mwalimu aliomba gari la shule. Alituchagua sisi wawili tumsaidie. Nilimfuata nje nikamwambia mimi siwezi.

"Kwa nini?"

"Madam, wataniuliza jina, nalo litawaambia kabila langu."

Hakunibembeleza. "Watakuuliza," alisema. "Nawe utawaambia. Wewe ndiye unayejua kupampu bila kutikisa mchanga. Mimi nikipampu naharibu. Lakini ukikataa sitakulazimisha."

Nilikwenda.

Mwenyekiti wa kambi aliitwa Mzee Micah, mtu mrefu mwenye koti la mvua lisilokuwa lake. Alipoona tunashusha mchanga alikasirika waziwazi. "Mwalimu, sisi tumepoteza nyumba. Unatuletea mchezo wa watoto?"

"Mzee, nipe muda wa kuchemsha chai," Mwalimu alisema. "Nikiwa nimekupotezea wakati, utanifukuza."

Hakuhutubu. Alimwomba Wangui aeleze, naye Wangui akaeleza kwa Kikuyu, kisha kwa Kiswahili: huu ni mteremko wetu, hiki ni kisima cha kanisa, hivi ni vyoo. Alimpa mama mmoja kopo anyeshe. Mama alikuwa na mtoto mgongoni, amelegea kwa ugonjwa. Mimi nilichuchumaa na bomba langu. Hapo sauti ya mwanamume ikatoka nyuma ya umati.

"Huyo mwingine anaitwa nani?"

Mwalimu hakunijibia. Nilijua hatanijibia.

"Naitwa Jepkosgei," nilisema.

Nilihisi Wangui akisogea, bega lake likagusa langu. Kisha yule mama mwenye mtoto akasema, bila kunitazama, macho yake kwenye kioo, "Jepkosgei, vuta basi tuone."

Nilivuta. Rangi ikashuka kutoka vyooni, ikatambaa mchangani, ikakifikia kisima. Nilimwaga maji mekundu ndani ya kikombe cheupe. Yule mama aliweka kopo chini, akaenda hadi kwenye jerikeni yake ya manjano iliyokuwa imejaa, akaimwaga yote kwenye majani. Wengine wakamfuata.

Mzee Micah alivua kofia. "Kwa hivyo yanaweza kung'aa na bado yawe na uchafu," alisema.

"Ndiyo, Mzee. Rangi hii nimeitia ili mwone. Uchafu wenyewe hauna rangi."

Kisima kilifungwa jioni hiyo hiyo. Vijana wa kambi walichimba vyoo vipya upande wa chini, mbali, na kanisa likaleta maji kwa lori huku wakitafuta njia nyingine. Watoto waliolazwa walipona. Tukirudi garini Mwalimu alikaa mbele na dereva, na pini ya hijabu ilikuwa imemtoka tena. Sisi nyuma tulilishika tangi lisigonge, mimi upande huu, Wangui upande ule, na njiani tulianza kuzungumza, mambo ya kawaida tu, mpaka tukafika shuleni hatujamaliza.

Shirika lililosaidia kambi liliamua kuchimba kisima kirefu cha mashine. Mtaalamu waliyemleta kuchagua mahali alikuwa mwanamke wa pale pale Nakuru, Unnati, binti wa familia ya wafanyabiashara wa nguo. Mzee Micah alimweleza kuhusu tangi, naye akaja shuleni akiwa na buti zenye matope, akazunguka tangi letu mara kadhaa, akiinama na kuinuka.

"Udongo wa mfinyanzi mmeuweka mahali pake kabisa," alisema. "Njooni siku ya kuchimba. Darasa zima."

Tulikwenda Juni. Mashine ilinguruma hadi kifua kikatetemeka. Kila ilipozama kiasi fulani, wafanyakazi walileta unga wa mawe uliotoka chini, na Unnati akatuagiza tuupange juu ya karatasi ya nailoni, fungu baada ya fungu, kwa mfuatano wa kutoka juu. Tuliushika kwa vidole. Wangui ndiye aliyesema kwanza, "Hapa imebadilika, huu ni mfinyanzi," na Unnati akaitikia kwa kichwa akaandika. Adhuhuri unga ukatoka umelowa, kisha maji yakaruka, ya tope, watu wa kambi wakapiga vigelegele, sisi tukalowa sare zote. Unnati alichukua sampuli kabla ya kushangilia. Floraidi ilikuwa juu kidogo, akatueleza, kwa hivyo maji ya kunywa yatapitishwa kwenye chujio la mkaa wa mifupa lenye kuipunguza. Alitueleza sisi kama anavyowaeleza watu wa kazi yake.

Tulipokuwa tukikamua sketi zetu alimgeukia Mwalimu Najwa. "Ulisomea wapi jiolojia?"

"Sikusoma. Nilizuiliwa."

"Bado wewe ni kijana. Kuna nafasi ya kusoma huku unafanya kazi kwetu. Nitakuandikia barua mimi mwenyewe."

Sote tulisikia. Nakumbuka tuliacha kukamua sketi. Mwalimu aliitazama mashine, akatazama yale mafungu ya unga juu ya nailoni, na uso wake ulikuwa na tamaa ambayo sikuwahi kuiona kwake.

"Kusoma nitasoma," alisema hatimaye. "Likizo ziko, na sasa wajomba hawanizuii. Lakini darasa siachi. Mimi ni mwalimu, Unnati. Ninachotaka kwako ni kingine: kila mwaka, kisima kimoja, ulete wasichana wangu."

Unnati alimpa mkono.

Na ndivyo ilivyokuwa. Muhula wa tatu walimu wa shule nyingine walianza kuja kujifunza, Bwana Shabir akawakatia vioo na kuwaonya kabla hawajafungua mdomo: "Hii ni ya mchanga au ya samaki? Sema ukweli." Tangi likahamishwa kutoka kona ya darasa likawekwa mlangoni pa maabara. Wangui alichagua jiolojia kama chaguo lake la kwanza la chuo kikuu. Mimi nilichagua sayansi ya maji.

Siku ya wazazi mamangu alikuja kutoka Njoro na kikapu cha mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, na mikate. Alimkuta Mwalimu nje ya maabara, akamsalimu kwa mikono miwili, halafu akauliza kwa wasiwasi, "Mwalimu, hii kitu msichana amechagua, ni kazi kweli? Mtu anaandikwa?"

"Ni kazi, mama," Mwalimu Najwa alisema. "Lakini usiniulize mimi. Jepkosgei, mwonyeshe mama."

Akaondoka zake kwenda kuwasalimu wazazi wengine, akaniacha na umati uliokuwa umeanza kukusanyika. Nilijaza kopo. Nilimwonyesha mamangu mvua inakoingia, maji yanakokaa, kisima kinavyopata maji na kinavyoharibika, na kwa nini watoto wa kwetu wana meno yale. Alisikiliza bila kupepesa macho. Nilipomaliza, mzee mmoja nyuma yake aliuliza mwalimu huyu kijana ametoka wapi, kwa maana anaeleza vizuri.

Mamangu aligeuka taratibu, kikapu mkononi.

"Si mwalimu," alimwambia. "Ni mtoto wangu. Mwalimu wake ni yule pale, yule mfupi."

Na wazazi wote wakageuka kumtazama.